Mtani wangu aliniita mwizi wa asali msibani, ukurasa wa mtandaoni ukaigeuza habari

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni hapo mlipo, wa rika langu tugonge tano tuendelee.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, nacheka visa vyenu halafu nalala. Leo nimeona na mimi nitoe changu.

Ni kisa cha kweli. Wanaonifahamu watawaambia huwa naongeza chumvi, sibishi. Lakini chumvi naitia kwenye mchuzi tu, nyama naiacha kama ilivyo.

Nijitambulishe kidogo.

Naishi Kawajense, hapa hapa Mpanda. Mtaani wananiita Muhitimu, kwa sababu form four niliimaliza kwa masomo ya usiku nikiwa tayari na mke, mtoto na kitambi. Siku matokeo yalipotoka nilishangilia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakahama. Tangu hapo hakuna ubishi Kawajense unaofungwa kabla sijasema "kwa mujibu wa somo la Uraia".

Kazi yangu ni asali. Sisi Wakonongo nyuki ni kama ndugu wa upande wa mama, wanakuuma na bado unarudi kuwasalimia. Mizinga yangu ipo kwenye msitu wa kijiji upande wa Sibwesa, kwa kibali cha kijiji, siyo siri. Asali ya miombo, nyeusi, nzito. Ukiinamisha chupa unaweza kwenda kuoga, ukirudi ndiyo unakuta inaanza kufikiria kushuka.

Sasa msimu huu nikaangukiwa na bahati.

Kuna mama mmoja wa Dar, tumuite Hajati, ana duka la vyakula vya asili. Ndugu yake alipita Sitalike kutembelea hifadhi, akanunua chupa yangu kwenye kibanda cha pale barabarani, akampelekea. Hajati akaonja. Akanipigia.

"Mwanangu, hii asali ni yako kweli?"

"Ya kwangu, mama. Hata nyuki wenyewe nawajua kwa majina."

Akacheka. Akasema atakuja mwenyewe na gari, akiridhika anachukua mzigo wote wa msimu, na msimu ujao, na unaofuata. Wakuu, niliwaambia wanunuzi wengine wote watafute kwingine. Stoo ikajaa ndoo mpaka tukawa tunapita kwa ubavu kwenda chumbani.

Shikeni hapo. Ndoo zimejaa, wanunuzi nimewafukuza, namsubiri mtu mmoja tu.

Katikati ya kusubiri, mjomba wangu wa Sibwesa akafariki.

Nikabeba ndoo moja ndogo ya asali kwa ajili ya chai ya wafiwa, nikaenda kuzika. Mjomba alikuwa mtu wa watu, nadhani nusu ya mkoa ilikuwepo, na nusu nyingine walikuwa njiani.

Sasa kwa nyie vijana mliokulia kwenye simu, ngoja nieleze utani, maana bila hapo hamtaelewa mbele.

Kuna koo ambazo tangu mababu ni watani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuibia kiatu, kulala kwenye jeneza akisema "nami nizikeni". Msibani ndiyo uwanja wake hasa. Akishika kitu chako, hakirudi mpaka ukikomboe kwa chochote atakachotaka. Na hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako wote.

Mtani wetu mkuu pale Sibwesa ni mama mmoja wa Kinyamwezi, Ma Skola. Umri wa kuitwa bibi, mdomo wa kuendesha mashine ya kukoboa mpunga bila dizeli.

Tumeshazika, watu wamekaa, kimya kizito. Mjane wa mjomba alikuwa hajatamka neno tangu jana yake. Mimi ndiyo naingia na ndoo yangu.

Ma Skola akaruka, akaikumbatia ndoo.

"Jamani mwizi huyo! Simameni, mwizi ameingia!"

"Mtani, niache, hiyo ni ya chai."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye mizinga yangu."

"Mizinga gani? Nyuki gani watakaa na mtu mwenye sura hii? Jamani, huyu asali ameiba hifadhini! Tembo wenyewe wameshamzoea, wakimwona wanampisha njia! Halafu anachanganya na maji ya sukari. Wafiwa msinywe, mtamfuata marehemu!"

Wakuu, watu walianguka. Mzee mmoja alicheka mpaka akaomba ashikiliwe. Na mjane, yule mjane ambaye tulikuwa tunaogopa hata kumtazama, akacheka mpaka kitenge kikadondoka begani. Akacheka halafu akalia, halafu akaomba chai.

Kazi ya mtani ndiyo hiyo. Haji msibani kuchekesha bure.

Ndoo haikutoka kirahisi. Ma Skola alisema hairudi mpaka mwizi acheze nayo kichwani kama bibi harusi anayeaga kwao. Nilicheza. Kwa kitambi hiki, mbele ya wakwe, nilizungusha kiuno mpaka kuku wa pale wakaacha kudonoa. Watu wakapiga vigelegele, ndoo ikarudi, chai ikanyweka. Nikarudi Mpanda moyo mweupe.

Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi.

Hapa Mpanda kuna ukurasa wa habari unaitwa Chungulia Mpanda (jina nimelibadilisha, sababu mtaijua mbele). Mwenyewe ni kijana mmoja, Deo, amekuja hapa kikazi, amezaliwa na kukulia mjini, mikono yake laini kama mkate wa maziwa. Msibani hakuwepo. Klipu aliiokota kwenye grupu moja la WhatsApp, akaikata, akairusha.

Aliikata wapi? Pale pale kwenye "mtamfuata marehemu". Kicheko nje. Mjane nje. Kiuno changu chote kile, nje!

Na juu ameandika kwa herufi kubwa:

MUUZA ASALI MAARUFU MPANDA ANASWA MSIBANI NA ASALI YA WIZI KUTOKA HIFADHINI?

Nikiri kwamba neno "maarufu" lilinifurahisha kwa muda mfupi sana.

Halafu nikashuka kwenye komenti. Kuna mmoja kaandika "ndiyo maana nilikunywa ya kwake nikaharisha wiki nzima". Huyo mtu namjua, ni jirani, tangu tuzaliwe hajawahi kununua kwangu hata kijiko! Mwingine: "sura yenyewe inaonesha". Mwingine anaita askari wa hifadhi waje wanibebe.

Asubuhi nilipopita stendi, madereva wa bodaboda wakanisimamisha kwa heshima zote.

"Muhitimu, tembo hawajambo?"

"Wanawasalimia," nikawajibu.

Hawa walikuwa wanajua ni utani, ndugu zao walikuwepo msibani. Nikacheka nao. Nilijiambia litapita.

Mchana Hajati akapiga.

Hakunisalimia kwa ile sauti yake. Alisema, "Mwanangu, nimetumiwa kitu. Nimekiangalia mara mbili."

Nikaanza kueleza: mtani, msiba, ndoo, kiuno. Kadiri ninavyoeleza nasikia mwenyewe jinsi ninavyofanana na mwizi. Jaribuni wenyewe, mwambieni mtu wa mbali "aliniita mwizi lakini ni kwa upendo".

Akanikatisha taratibu.

"Sikatai maneno yako. Ila mimi nauzia watu chakula, na wateja wangu na wao wana simu. Siwezi kuweka dukani mali inayosemwa ni ya haramu. Yale nimeyaona hadharani, nataka niyaone yanafutika hadharani, pale pale nilipoyaona. Gari nimelisimamisha kwanza."

Akakata. Nikageuka nikatazama stoo. Ndoo zilinitazama na zenyewe.

Nikaenda kwa Deo mguu kwa mguu.

Ofisi yake ni chumba kimoja, taa ya duara, kitambaa cha kijani ukutani, na kiti cha kuzunguka ambacho alizunguka nacho muda wote nikiongea.

"Bro, mimi sijasema wewe mwizi. Kasema bibi. Mimi nimeposti tu."

"Lakini umeandika nimenaswa!"

"Soma vizuri mkubwa. Mwisho kuna nini?"

Nikasoma. Mwishoni kulikuwa na alama ya kuuliza.

"Umeona? Hiyo siyo habari, hilo ni swali. Mimi nimewauliza tu wananchi."

Wakuu, nawaambia ukweli, hapo nilitetereka. Mimi ni muhitimu, Kiswahili nilikisoma, alama ya kuuliza naijua kazi yake. Nilisimama pale nikiwaza: ni kweli, ameuliza. Nikamtupia "kwa mujibu wa somo la Uraia, kila mtu ana haki ya kulindiwa heshima yake". Akanijibu kwa mujibu wa somo hilo hilo kuna uhuru wa habari. Kumbe na yeye alisoma!

Nikarudi nyumbani nachemka. Nikafungua simu, nikaanza kuandika posti ya kumjibu. Niliandika kwa ufundi wote wa insha. Nikamwita tapeli. Nikaandika anachukua rushwa kwa wafanyabiashara ili asiwachafue. Nikaandika kamera zake zenyewe za wizi. Hakuna hata moja nililokuwa na uhakika nalo, lakini jamani yaliandikika matamu!

Mke wangu, mama Debora, akasoma begani kwangu.

"Baba Debora, haya umeyajuaje?"

"Nayahisi."

"Basi kabla hujayatuma, kamhisie wakili."

Kuna wakili mmoja mwanamke, ofisi yake ipo ghorofani juu ya duka la pembejeo. Nilimkuta anakula mahindi ya kuchoma. Alinawa, akasikiliza mpaka mwisho, akaangalia klipu. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kabla ya yote. Hiyo asali umeiba?"

"Dada wakili!"

"Nijibu. Maana kama ni kweli, hapa hatuna kesi, tuna mahindi tu. Ukweli ndiyo ngao kubwa ya aliyeandika."

Nikamwonesha kibali cha kijiji, na mwenyekiti wa kijiji nikampigia pale pale akathibitisha. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti.

Sasa hapa wakuu ndiyo penye shule, na aliifundisha kwa lugha ya kawaida kabisa.

Kwanza nilimuuliza, "Sasa tunamshitaki Ma Skola?" Halafu kabla hajajibu nikajijibu mwenyewe, "Hapana, mtani hashitakiwi, kwetu watanizomea mpaka wajukuu."

Akacheka. "Na usiwe na wasiwasi, mimi pia sioni cha kumshitaki. Pale msibani, kuna mtu mmoja aliyeondoka akiamini wewe ni mwizi?"

"Hakuna. Wote wanajua ni utani."

"Basi pale heshima yako haikushuka. Kashfa siyo neno baya tu, ni neno baya linalokushushia hadhi kwa watu wanaolisikia. Wale walicheka. Lakini huyu kijana amelichukua neno, amelivua utani wake, amelipeleka kwa watu ambao hawakuwepo, na juu yake ameandika 'anaswa'. Msibani lilikuwa utani. Kwake limekuwa taarifa."

"Anasema yeye hajasema, kasema bibi."

"Anayerudia ndiye anayesema upya. Ukichapisha maneno ya mtu, unayabeba. Huwezi kumtumia shangazi yako ujumbe wa matusi halafu ukasema umenukuu."

"Na alama ya kuuliza?"

Hapo wakili alicheka mpaka akakohoa punje ya mahindi.

"Ningekuwa napokea kuku kwa kila mtu aliyejificha nyuma ya alama ya kuuliza, ningefungua banda. Mahakama itasoma sentensi kama anavyoisoma mteja wako wa Dar. Yeye aliiona hiyo alama?"

"Aliona neno wizi tu."

"Umejibu mwenyewe."

Akaniambia hata zile komenti, kwa vile nilishamweleza Deo kwamba ni uongo na akaziacha pale zinaendelea kumea, naye anabeba lawama yake. Ukurasa ni kama genge lako, ukiona mtu anauza sumu mezani kwako na umenyamaza, usiseme meza tu ndiyo yangu. Na mwenye ukurasa wa habari ana wajibu mkubwa kuliko mpita njia, alitakiwa walau anipigie simu aulize.

Nikafurahi. Nikaona nimeshashinda, nikaanza hata kuwaza suti ya kuvaa mahakamani. Kwa furaha nikamwonesha ile posti yangu ya kumjibu Deo.

Alisoma. Kicheko kikaondoka usoni.

"Hii umeshaituma?"

"Bado."

"Una ushahidi wa rushwa?"

"Hapana."

"Wa kamera za wizi?"

"Hapana, ila..."

"Ifute hapa mbele yangu, nione. Ungeingia hapa mdai, ukatoka mdaiwa."

Nikafuta. Insha yangu bora kuliko zote, wakuu, ikaondoka hivi hivi. Nilisikia uchungu kama wa nyuki ndani ya pua.

Wakili akaandika notisi kwa Deo: aondoe klipu, aombe radhi na kusahihisha pale pale, kwa ukubwa ule ule, la sivyo tukutane mahakamani.

Deo alivyoisoma, kile kiti cha kuzunguka kilisimama. Kesho yake alikuwa Kawajense mlangoni kwangu, kavaa shati la kuchomekea.

"Mkubwa, nimefuta tayari. Yameisha?"

Nikampigia wakili, nikaweka spika. Sauti ikatoka: "Kufuta ni vizuri, lakini waliokwishaona hawajui kwa nini imefutika. Wengine watasema umehongwa. Sahihisha."

Deo akakuna kichwa. Na hapa nikagundua kitu. Kijana hakuwa na roho mbaya. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini bro, kweli yule bibi hakuwa anamaanisha? Mbona alikuwa anapiga kelele vile? Na mbona wewe hukukasirika? Mimi nilijua umekosa cha kujitetea."

Mnaona? Kwao hakuna hayo mambo. Yeye aliona mama mzima anapiga yowe la mwizi na mtuhumiwa anatabasamu. Akakata sehemu ya kucheza kwa sababu aliona "haihusiani".

Akapendekeza twende Sibwesa, Ma Skola aseme mbele ya kamera kwamba alikosea na anafuta kauli. Nikaona wazo safi. Tukapakizana, mimi, yeye na taa yake ya duara.

Ma Skola tulimkuta anaanika mpunga. Deo akamweleza kwa adabu zote, mama hivi, mama vile, tunaomba tu ufute kauli.

Ma Skola akanyamaza. Mara ya kwanza maishani mwangu namwona kanyamaza. Halafu akanigeukia mimi, siyo Deo.

"Mtani, wewe ndiyo umemleta huyu aniambie nifute?"

"Ndiyo mtani, kuna mteja wangu wa Dar..."

"Mimi nimekuita mwizi tangu unanyonya. Baba yako nimemwita mwizi. Mjomba wako tuliyemzika, siku namwita mwizi mara ya mwisho alikuwa kitandani, akacheka. Leo nikisema samahani sikumaanisha, maana yake siku zote hizo nilikuwa natukana. Adui ndiyo anaomba radhi. Mtani haombi. Nikifuta, tumeachana."

Wakuu, nilikosa pa kuangalia. Nilikuwa nimekuja kuokoa asali, nikataka kuuza mtani.

Nikasogea pembeni nikampigia wakili, nikamweleza. Akasema, "Yuko sahihi. Akiomba radhi yeye, anathibitisha kwamba yalikuwa matusi. Anayetakiwa kusahihisha ni aliyekata. Waoneshe watu utani wenyewe, mzima, usikatwe."

Nikarudi kumwambia Deo. Tatizo, ile klipu ndefu Deo alishaifuta, na aliyeirekodi naye alishaifuta simuni.

Tukiwa tumesimama hatujui pa kuanzia, Ma Skola akauliza, "Huyu kijana ni wa wapi?"

Nikamwambia, "Ni mgeni wangu, kwa hiyo ni wa ukoo wetu leo."

Jamani, lile jicho liliwaka! Sikuwa nimemaliza sentensi, ameshamnyang'anya Deo kamera, kaibana kwapani.

"Jamani mwizi! Sibwesa mpo? Njooni, mwizi wa kamera!"

Deo akaniangalia macho yamemtoka. Mimi nikawahi kuchukua simu yangu, nikaanza kurekodi.

Majirani wakaja mbio huku wameshaanza kucheka njiani.

"Muangalieni," Ma Skola anasema, "mikono laini namna hii, mikono ya kuingia mifukoni mwa watu! Hii kamera ameiba kwa Mzungu aliyeliwa na kiboko kule hifadhini! Kiboko mwenyewe shahidi!"

"Mama, mimi nina risiti!" Deo anapiga kelele, jasho linamtoka.

"Mmesikia? Hata risiti ameiba!"

Sasa wakuu, nisikilizeni hapa.

Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe chekundu. Kwenye skrini naona Deo, mama mtu mzima anamwita mwizi, umati umemzunguka. Nikibonyeza tu, inaishia hapo. Na kichwa cha habari kilishajiandika chenyewe akilini mwangu, na alama ya kuuliza mwishoni.

Deo naye akaiona ile simu. Akakiona kidole. Nadhani ndiyo sekunde aliyoelewa kila kitu, kuliko notisi, kuliko wakili.

"Bro," akaniambia mbele za watu wote. "Bro usikate hapo. Nakuomba. Usikate hapo."

Sikukata.

Nikamwambia, "Basi muulize anataka nini uikomboe."

Ma Skola alitaka acheze na ndoo kichwani. Ndoo yenyewe tupu, ya kuogeshea mtoto wa jirani. Deo akacheza. Anacheza vibaya, sijapata kuona, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani kwa miguu. Watu walilia machozi. Ma Skola akamrudishia kamera, akamkumbatia, akamwambia, "Sasa na wewe una mtani. Siku ukifa nitakuja kulichukua jeneza."

Jioni ile Chungulia Mpanda ikaweka video yangu nzima, kuanzia yowe mpaka kumbatio. Mwanzoni Deo kasimama mwenyewe, kanyooka, anasema wazi: nilichapisha kwamba bwana huyu amenaswa na asali ya wizi, siyo kweli, sikumuuliza, nilikata klipu ya utani wa msibani, asali yake anarina kwenye msitu wa kijiji kwa kibali, namuomba radhi yeye na familia iliyofiwa. Herufi kubwa kama zile zile. Alama ya kuuliza hakuna.

Mpaka usiku ilikuwa imeangaliwa kuliko ile ya kwanza mara elfu (wakili akisoma hapa, mara elfu ni namna ya kusema).

Hajati hakupiga siku hiyo. Wala iliyofuata. Mama Debora akaanza kuuliza kama asali inaweza kupikia wali.

Siku ya tatu simu ikalia. Nasikia mtu anahema, nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Mwanangu, yule mama wa kwenye video ni kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama."

"Kwa nini hukuniambia toka mwanzo? Mimi Mzaramo wa Kisarawe! Hao ni watani zangu, ni watumwa wangu hao! Mwambie nakuja. Na nikifika Sibwesa nachukua mpunga wake wote aliouanika, aje anikomboe!"

Wale wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi utani wao ni wa zamani, tangu enzi za watu kutembea kwa miguu kwenda pwani. Mimi na usomi wangu wote wa usiku sikuwaza kumwambia kabila.

Gari likaja. Hajati akaonja kila ndoo kwa kijiko, akaridhika, mzigo ukaondoka. Kabla ya kuondoka alilazimisha apelekwe Sibwesa. Yaliyotokea kule wale wamama wawili walipokutana siwezi kuyaandika hapa, siyo kwa sababu ya sheria, ni kwa sababu nilikuwa nimelala chini nacheka.

Ninachoondoka nacho wakuu ni hiki. Ukichukua neno la mtu ukaliweka kwenye ukurasa wako, limekuwa lako, na alama ya kuuliza haikufuniki. Piga simu muulize mwenyewe kwanza. Ukikosea, sahihisha pale pale ulipoharibu. Na wewe uliyechafuliwa, usijibu kwa kuchafua, ile insha ningeituma, leo Deo ndiyo angekuwa anaandika uzi. Kingine, neno lina kwao. Utani msibani ni dawa, ukiukata ukaupeleka kwa wasiokuwepo unakuwa sumu, na bibi wa watu hana kosa.

Deo siku hizi ni rafiki yangu. Kila akitaka kurusha kitu ananipigia: "Bro, hii ni habari au ni utani?" Namjibu kwa mujibu wa somo la Uraia.

Haya, uwanja wenu. Nani ameshaposti kitu akaitwa kwa wakili? Nani mtani wake alishawahi kumtia matatani? Mwageni hapo chini, ila taratibu, mwenye uzi ni mimi na komenti zenu sasa najua ni mzigo wangu.

Na ukitaka kuupeleka huu uzi kwenye grupu lenu, ruksa. Usikate tu kabla ya pale nilipocheza.